Siku 42: Nafasi ya mita 1500 iliyohama kabla ya Olimpiki ya Tokyo

Agosti 7, 2021, katika uwanja wa Olimpiki mjini Tokyo, Timothy Cheruiyot alimaliza fainali ya mita 1500 kwa dakika 3:29.01. Mbele yake alikuwa Jakob Ingebrigtsen wa Norway, aliyeweka rekodi ya Olimpiki ya 3:28.32. Nyuma yake, kwa tofauti ya sekunde 0.04 tu, alikuwa Josh Kerr wa Uingereza. Mkenya mwingine, Abel Kipsang, alishika nafasi ya nne kwa 3:29.56. Kenya ikarudi nyumbani na dhahabu 4, fedha 4 na shaba 2, na moja ya zile fedha nne ilikuwa ya mtu ambaye wiki saba hivi kabla ya siku hiyo hakuwa kwenye timu.

Katika mchujo wa kitaifa wa Juni 17 hadi 19 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, Cheruiyot, bingwa wa dunia wa 2019, alimaliza wa nne. Nafasi zilikuwa tatu. Aliyekuja wa pili alikuwa kijana wa miaka 18, na kwa miguu yake alikuwa amejikatia tiketi ya Tokyo. Hakwenda. Hakukutwa na dawa yoyote, hakukataa kupimwa wala hakukimbia mpimaji, na jambo hili lirudiwe kila mahali kisa hiki kinaposimuliwa, kwa sababu mitaani mtu akisikia "vipimo vya dawa" humaliza hadithi mwenyewe. Kilichomzuia ni kwamba hakuwa amepimwa mara za kutosha. Nafasi yake ikaenda kwa Cheruiyot, ambaye wiki tatu hivi baada ya mchujo alikimbia 3:28.28 Monaco, muda bora wa maisha yake, kisha akaenda kuchukua fedha.

Kwa kuwa medali ilipatikana, kisa kilifunikwa na furaha. Ukikifunua utaona kosa ambalo linaweza kumpata mkimbiaji yeyote anayechipukia Kapsokwony, Kakamega, Kisumu au Keringet, na kinachoumiza ni kwamba kosa lenyewe hutendeka miezi kadhaa kabla mkimbiaji hajafunga kamba za viatu siku ya mchujo.

Kanuni yenyewe

Kuanzia 2019, kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zinazosimamiwa na kitengo chake cha uadilifu, AIU, zinagawa nchi katika makundi kulingana na hatari ya matumizi ya dawa zilizopigwa marufuku. Kundi A ndilo la hatari kubwa. Kabla ya Tokyo lilikuwa na nchi saba: Kenya, Ethiopia, Bahrain, Belarus, Morocco, Nigeria na Ukraine. Mwanariadha wa nchi ya kundi A haruhusiwi kushiriki mashindano ya dunia wala Olimpiki mpaka awe amepimwa angalau mara tatu ndani ya miezi 10 kabla ya mashindano, nje ya mashindano, bila kuarifiwa, kwa mkojo na damu, na kati ya kipimo na kipimo zisipungue wiki tatu.

Kila neno katika sentensi hiyo lina watu liliowaangusha.

"Nje ya mashindano" maana yake ni kwamba kipimo unachofanyiwa baada ya mbio hakihesabiki hapa. Kwa kanuni zilizoanza kutumika 2021, muda wa mashindano huanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mbio. Mkimbiaji aliyepimwa Kasarani, akapimwa tena kwenye mbio za mwaliko Ulaya, anaweza kuwa na vipimo vinne safi mkononi na bado akahesabiwa sifuri. Makocha wengi hudhani kipimo ni kipimo. Sivyo.

"Bila kuarifiwa" maana yake ni kwamba huwezi kuomba. Mwanariadha hawezi kwenda Nairobi akagonga mlango wa ADAK, shirika la taifa la kukabiliana na dawa hizo, akasema nipimeni leo, nipimeni tena baada ya wiki tatu, ili nitimize. Kipimo ulichokipanga mwenyewe kinapoteza thamani yake yote. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha jina lako limo kwenye orodha ya wanaotafutwa, na kwamba ukitafutwa unapatikana.

"Wiki tatu" ndiyo iliyomaliza matumaini ya yule kijana.

Hesabu ya siku

Vipimo vitatu vina nafasi mbili katikati. Kila nafasi ni siku 21, kwa hiyo kutoka kipimo cha kwanza hadi cha tatu ni siku 42 kwa uchache. Hakuna ujanja wa kuzipunguza, hata taifa zima lisimame nyuma yako.

Riadha ya Tokyo ilianza Julai 30, 2021. Ukirudi nyuma siku 42 unafika Juni 18. Hiyo ilikuwa siku ya pili ya mchujo wenyewe. Kwa hesabu ya ukarimu kuliko zote, inayoruhusu kipimo cha tatu kuchukuliwa asubuhi ya kuanza mashindano, kipimo cha kwanza kilipaswa kuwa kimeshafanyika wakati vijana wako uwanjani Kasarani, ambako kipimo chochote ni cha mashindano na hakihesabiki.

Hesabu halisi ni kali zaidi. Majina ya mwisho ya Tokyo yalipaswa kuwasilishwa kufikia Julai 5. Ukirudi siku 42 kutoka hapo unafika Mei 24, zaidi ya wiki tatu kabla ya mchujo. Na kwa kuwa wapimaji hawaendeshi kazi kwa kengele ya siku ya 21 kamili, jina lilihitajika kuwa mikononi mwao mwezi Aprili au kabla. Dirisha lote la miezi 10 lilikuwa limefunguka mwishoni mwa Septemba 2020.

Basi swali la msingi ni hili: Septemba 2020, nani alijua kwamba kijana huyu angemaliza wa pili Juni 2021?

Mwaka ule kujua kulikuwa kugumu. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona; watahiniwa na wanafunzi wa gredi ya nne walirudi Oktoba 12, waliobaki Januari 4, 2021. Mashindano ya shule hayakuwepo, na mbio za wazi zilikuwa za kuhesabika. Vijana walikimbia peke yao kwenye barabara za vumbi, bila saa ya mtu yeyote rasmi kuwarekodi. Orodha za wa kupimwa hutungwa kutokana na matokeo, na matokeo hayakuwepo. Korona ni sababu ya kweli. Lakini haitoshi kuwa sababu nzima, kwa maana jambo hili lilikuwa limeshatokea.

Mwaka 2019, kabla ya mashindano ya dunia ya Doha, wakimbiaji wawili wa Kenya walimaliza wa kwanza na wa pili katika mchujo wa mita 5000 na wote wawili wakaachwa nyumbani kwa sababu hiyohiyo ya idadi ya vipimo. Wakati huo hakukuwa na korona. Kilichokuwepo ni mpangilio uleule: orodha ya wanaopimwa ikijazwa na majina makubwa yanayojulikana, na mchujo ukiwa wazi kwa kila mtu. Pale orodha na mchujo zinapopishana, anayeumia ni yule ambaye ndio kwanza anatokea.

Tokyo, Kenya ilipoteza pia mkimbiaji wa mita 400 kuruka viunzi kwa njia hiyo. Nigeria iliumia zaidi: wanariadha 10 walizuiwa wakiwa tayari Japani. Baadhi yao walikuwa wakisoma vyuo vikuu vya Marekani na walikuwa wamepimwa huko, ila kwa taratibu za kuchukua na kuchunguza sampuli ambazo hazikufikia kiwango cha WADA, shirika la dunia la kukabiliana na dawa hizo. Hili liwafikie wazazi wa Vihiga, Bungoma na Nakuru ambao watoto wao wako vyuoni Marekani kwa ufadhili wa riadha. Kipimo cha chuo kinaweza kisihesabiwe hata kimoja.

Kenya ilikuwa na bingwa wa dunia wa kumweka mahali pa aliyeondolewa. Bahati hiyo haipatikani kila mbio. Kwenye mita 400 kuruka viunzi hatukuwa na Cheruiyot.

Jina hupitia wapi

Kuna ngazi tatu zinazohusika na kupimwa kwa Mkenya. AIU ina orodha yake ya kimataifa, yenye majina ya wakali wa dunia. ADAK ina ya kitaifa. Na Shirikisho la Riadha Kenya, AK, ndilo lenye wajibu wa kusema mapema ni nani anayeweza kuchaguliwa, ili wapimaji wamfuate. Kwa kanuni za kundi A, shirikisho la nchi haliwezi kukaa pembeni likisema upimaji ni kazi ya wengine: likimchagua mtu asiyetimiza, anaondolewa.

Tatizo ni umbali kati ya ofisi hizo Nairobi na mahali kipaji kilipo. Kocha wa kijiji anayefundisha vijana kumi na wawili kwenye uwanja wa shule ya msingi huko mlimani Elgon, mlima uliotupa Ben Jipcho, mshindi wa fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji Munich 1972, ana saa ya mkononi, daftari, na nambari ya simu ya katibu wa riadha wa kaunti. Kwenye daftari mna muda wa mita 1500 wa kijana ambaye mwakani anaweza kuwa wa pili Kasarani. Muda huo usipotoka kwenye daftari ukafika tawi la AK, na kutoka tawi ukafika makao makuu, ni kama haukukimbiwa.

Kwa hiyo kocha asingoje mchujo. Kijana akifikia muda unaomweka karibu na kumi bora wa taifa, kwa mbio yoyote iliyopimwa rasmi, iandikwe barua siku hiyohiyo kwa tawi, nakala makao makuu ya AK, nakala ADAK. Barua iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, mbio na muda, tarehe na mahali alipokimbia, makao yake, mahali na saa anazofanya mazoezi, nambari mbili za simu, na jina la mtu mzima anayejua alipo wakati wote. Barua haimhakikishii kijana kupimwa. Inaondoa kisingizio cha kutojulikana. Tunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Suala la jina ni zito kuliko linavyoonekana. Kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ubatizo, la ukoo, la kienyeji alilopewa na nyanya, na mengine mawili aliyoyaongezewa shuleni. Shuleni amesajiliwa kwa mpangilio mmoja, pasipoti ikatoka kwa mwingine, matokeo ya mbio yakachapishwa kwa wa tatu. Siku ya kuhesabu vipimo, kimoja kiko chini ya jina hili na viwili chini ya lile. Tarehe ya kuzaliwa ikipishana ndiyo balaa kabisa. Chukua pasipoti mapema, na tangu siku hiyo jina la pasipoti liwe ndilo la kila fomu.

Mpimaji anapofika, na anapokosa kufika

Mwanariadha aliye kwenye orodha ya juu hujaza taarifa za mahali alipo kila robo mwaka kupitia mfumo wa ADAMS, ambao unafanya kazi hata kwenye simu: anapolala kila usiku, anapofanyia mazoezi, ratiba ya mashindano, na saa moja ya kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ambayo lazima apatikane mahali alipopataja. Kukosekana au kujaza vibaya mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa lenye adhabu ya kufungiwa, kawaida miaka miwili. Wengi huchagua alfajiri, saa kumi na moja hadi kumi na mbili, wakiwa bado kitandani. Ni uchaguzi mzuri, mradi kweli wako kwenye kitanda hichohicho.

Aliye kwenye orodha za chini hadaiwi yote hayo, na hapo ndipo kijana anayechipukia huwa. Mpimaji anakuja na anwani hafifu aliyopewa. Vijijini kwetu hakuna nambari za nyumba. "Kapsokwony, karibu na soko" si anwani. Anwani ya kweli ni kama hii: kutoka stendi shika njia ya kwenda juu kilomita mbili, pita kiwanda cha kahawa, lango la tatu kushoto lenye mti wa mukuyu, nyumba ya mabati ya kijani. Ongeza alama ya ramani ya simu. Mpimaji akifika asipokuona hatakiwi kukupigia simu mapema ili uje, kwa kuwa hapo kungekuwa na taarifa. Atangoja, atauliza, na dakika za mwisho huenda akajaribu simu. Simu iliyoishiwa chaji kwa sababu stima imepotea kijijini tangu jana ni kipimo kilichokosekana, na kwa anayehitaji vitatu, huenda ni wiki nyingi zimepotea mpaka wapimaji warudi tena upande huo.

Shule za bweni ni kikwazo kingine, na hakizungumzwi vya kutosha. Mwanafunzi haruhusiwi simu. Mpimaji anafika langoni saa kumi na moja na nusu alfajiri na begi lake. Askari wa lango ameagizwa asimruhusu mgeni yeyote kabla ya saa mbili, naye anafanya kazi yake vizuri. Mwalimu wa zamu hajui habari. Mpimaji anaandika kwamba hakumpata mwanariadha, anaondoka. Dawa yake ni karatasi moja: barua ya mwalimu mkuu iliyobandikwa kwenye kibanda cha lango, inayosema kwamba mwanafunzi fulani yuko katika mpango wa vipimo, kwamba afisa wa vipimo akionyesha kitambulisho aingizwe saa yoyote, na aitwe mwalimu wa michezo kwa nambari fulani. Barua ibadilishwe kila muhula, maana askari hubadilika.

Kama mwanafunzi hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi awe ametia saini idhini mapema, na mwalimu mmoja wa jinsia inayofaa ajulikane kwamba ndiye atakayekaa naye. Mtoto ana haki ya kuwa na mtu mzima wake kwenye kipimo. Wakati wa kutoa mkojo, kwa mtoto, msimamizi anayeshuhudia huangaliwa naye na mtu mwingine, bila huyo wa pili kumtazama mtoto. Mweleze mapema. Msichana wa miaka 16 anayesikia kwa mara ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, kwamba mgeni atasimama naye chooni, anaweza kutoka mbio kwa aibu, na kukimbia huko kunasomeka kama kukataa kupimwa. Adhabu ya kukataa inaweza kufika miaka minne.

Kipimo chenyewe kina utaratibu ambao kijana akiujua hawezi kubabaika. Afisa anajitambulisha na kuonyesha kitambulisho. Tangu hapo mwanariadha hatoki machoni pake au pa msindikizaji mpaka kazi iishe. Anachagua mwenyewe chombo cha kukojolea kati ya kadhaa vilivyofungwa. Mkojo unatakiwa usipungue mililita 90. Ukipungua, hicho kidogo kinafungwa na kuwekewa nambari, anangoja mpaka apate mwingine. Kisha anachagua sanduku la chupa mbili, A na B, analinganisha nambari za kifuniko, chupa na sanduku, anamimina mwenyewe: angalau mililita 30 chupa B, angalau 60 chupa A. Anafunga mwenyewe mpaka kifuniko kigome. Matone yanayobaki hupimwa uzito wake ukilinganishwa na wa maji. Yakiwa mepesi mno, kwa kawaida chini ya 1.005, sampuli nyingine inatakiwa. Hapa ndipo vijana wanapojiponza: wakimwona afisa wanakunywa lita mbili za maji wapate haraka, mkojo unakuwa kama maji ya kisima, wanakaa saa tatu zaidi. Nusu lita inatosha. Subira.

Damu ya pasipoti ya kibiolojia, yaani rekodi ya damu ya mwanariadha inayofuatiliwa kipimo baada ya kipimo, haichukuliwi mpaka upite muda wa kutosha tangu mazoezi yaishe, na mwanariadha akae dakika 10 ametulia, miguu chini, kabla ya sindano. Fomu itauliza kama katika wiki mbili zilizopita amekaa mahali palipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kama amepoteza au kuongezwa damu miezi mitatu iliyopita. Swali la mwinuko lijibiwe kwa uangalifu huku kwetu. Kisumu iko kama mita 1,100. Kakamega iko karibu na mstari wenyewe. Nakuru imepita 1,800, na Keringet iko juu zaidi. Mkimbiaji anayesoma Kisumu na kufanya mazoezi ya likizo Keringet amehama kutoka hewa moja hadi nyingine, na damu yake itaonyesha. Aandike tarehe za kwenda na kurudi. Wanaosoma pasipoti hawana ugomvi na mlima. Mlima usiotajwa ndio unaozaa maswali. Tangu 2018 damu hizi zina maabara Nairobi, kwa hiyo hazihitaji tena kukimbizwa ng'ambo kabla hazijaharibika, na vipimo vya damu vijijini vimekuwa rahisi kufanyika kuliko zamani.

Mwisho kuna fomu. Sehemu ya dawa na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita isiachwe wazi. Panadol iandikwe. Dawa ya malaria iandikwe. Sindano ya goti uliyodungwa kwenye kliniki ya mtaa iandikwe, na hiyo hasa ingepaswa kuulizwa kabla ya kudungwa, kwa kuwa sindano za triamcinolone ni miongoni mwa zilizofungia Wakenya wengi. Kisha chukua nakala yako. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba kipimo kilifanyika, tarehe ipi, aina ipi. Kocha aziweke tatu zote kwenye bahasha moja na kuhesabu siku kati yake kwa kalenda. Kipimo cha siku ya 19 si cha siku ya 21.

Kurudi kwenye mita 1500

Ukikipima kisa cha 2021 kwa hayo yote, huoni mtu mmoja wa kulaumu. Kijana alikimbia vizuri. AK ilipofanya mabadiliko ilifuata kanuni. Kumpeleka Tokyo kungeishia kwa yeye kuzuiwa huko, kama Wanigeria walivyozuiwa, na nafasi kupotea kabisa. Cheruiyot hakumnyang'anya mtu kitu. Aliitwa, akaenda, akakimbia kama bingwa.

Kilichokosewa ni ratiba. Mchujo ulimalizika siku 41 kabla ya riadha ya Tokyo kuanza, katika nchi ambayo sheria inadai siku 42. Mchujo wa namna hiyo hauwezi kumgundua mtu mpya. Unaweza tu kupanga upya wale waliokwishajulikana, huku ukimwacha kijana aamini kwamba njia iko wazi. Hapo kuna udhalimu ambao hakuna aliyeukusudia. Kama nchi inataka mchujo wa wazi, basi mchujo wa awali, au orodha pana ya watarajiwa kama kumi kwa kila mbio, vije kabla dirisha la miezi 10 halijafunguka. Kama haiwezi, basi iseme waziwazi kabla ya mchujo ni nani kati ya walio kwenye mstari wa kuanzia anaweza kuchaguliwa na nani hawezi, ili kijana aliyetoka Bungoma kwa basi la usiku ajue anakimbilia nini. Kumwambia baada ya kuvuka mstari akiwa wa pili ni ukatili.

Kupunguza idadi ya vipimo hatukuungi mkono. Kenya iliwekwa kundi A kwa sababu zinazojulikana. Mei 2016 WADA iliitangaza nchi kuwa haitimizi masharti, na sheria ilibidi irekebishwe haraka ili mambo yakae sawa kabla ya Rio. Vipimo vingi ndivyo vinavyomlinda mkimbiaji safi wa Kakamega asidhaniwe mwizi kila anaposhinda. Kinachotakiwa ni vimfikie.

Michezo ya Los Angeles itafunguliwa Julai 14, 2028. Miezi 10 nyuma ni Septemba 14, 2027, ambapo kwa kawaida shule huwa muhula wa tatu na wanariadha wengi wamepumzika baada ya msimu. Siku 42 kabla ya ufunguzi ni Juni 2, 2028, na tarehe ya kuwasilisha majina itakuwa mapema kuliko ufunguzi, kwa hiyo hata hiyo Juni 2 isitegemewe. Kenya ikiwa bado kundi A, kocha mwenye kijana wa kutajwa ana Septemba hadi Machi kupata vipimo viwili vya kwanza. Barua ya jina iwe imepokelewa kwa mhuri kabla ya Septemba 2027, na ile ya askari wa lango iwe tayari imebandikwa.